Prosesa Yako Inasubiri Nini?

Hotuba kwa wanafunzi wa ufundi wa kompyuta, Dar es Salaam

Walimu wetu, mafundi wenzangu, na ninyi vijana mliojaa mpaka mlangoni: asalaam aleikum, tumsifu Yesu Kristo, Bwana asifiwe. Habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie kupandisha mapigo ya prosesa, hiyo ovakloki mnayoisikia kila siku. Nimekubali kwa furaha, ila nitaanzia mfukoni mwa mnunuzi, kwa sababu swali ninaloulizwa kuliko yote ni la kununua. "Fundi, prosesa nimeshaipandisha. Sasa nibadilishe na RAM? Nichukue ya 3200 au ya 3600? Au niachane na vyote hivyo nichukue prosesa mpya?"

Swali hilo lina jibu, ndugu zangu. Hulipati kwenye boksi la RAM, wala kwenye video ya mtu ambaye kompyuta yake haifanani na yako. Jibu limo ndani ya kompyuta yako mwenyewe, na unaweza kulipima kwa mchana mmoja bila kutoa hata shilingi. Kupandisha mapigo, kabla hakujawa njia ya kupata kasi, ni kipimo. Kinakuonyesha prosesa yako inasubiri nini. Hilo ndilo nililokuja kulisema.

Mmeshaona nyumba ikijengwa. Fundi mwashi anapanga tofali, saidia fundi anamletea udongo kwenye karai. Fundi akiongeza kasi na saidia fundi akabaki na mwendo ule ule, karai linakauka, fundi anasimama na mwiko mkononi. Prosesa ndiye fundi, RAM ndiye saidia fundi, na lile karai lililo karibu na mkono wake ndiyo kache, kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo jirani kabisa na prosesa.

Sasa tuliweke hilo kwa namba, maana bila namba tutabaki kubishana. Kwenye kompyuta nyingi za mezani, tangu prosesa iombe data kutoka RAM mpaka data ifike, hupita nanosekunde 70 au 80; nanosekunde moja ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Tuchukue 80. Prosesa ya gigahezi 3 hupiga mapigo matatu kila nanosekunde, kwa hiyo inakaa mapigo 240 ikisubiri. Ipandishe mpaka gigahezi 4, RAM usiiguse: sasa inasubiri mapigo 320. Muda wa kusubiri ni ule ule. Kilichoongezeka ni kazi ambayo ingefanyika ndani ya muda huo na haikufanyika. Mwaka 1995 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Virginia, William Wulf na Sally McKee, waliandika juu ya jambo hili wakaliita ukuta wa kumbukumbu. Waliona prosesa zinaongezeka kasi kila mwaka kuipita RAM, wakaonya kwamba itafika wakati RAM ndiyo itakayoamua kasi ya programu. Anayepandisha prosesa peke yake anaukaribia ukuta huo kwa hiari yake.

Nimesema "peke yake" makusudi. Kuna njia mbili za kupandisha prosesa, na wengi wenu mnazichanganya. Mapigo ya prosesa hupatikana kwa kuzidisha: mapigo ya msingi, yanayotoka kwenye mazabodi (ile bodi kuu), mara kizidishi kilichomo ndani ya prosesa. Ukipandisha kizidishi, unaikimbiza prosesa tu. Ukipandisha msingi, unakimbiza kila kitu kilichofungwa kwenye msingi ule, na kwa miaka mingi RAM ilikuwa imefungwa pale. Njia ya kwanza inaongeza kusubiri. Ya pili inakwenda na RAM bega kwa bega, kama RAM yenyewe itakubali.

Acheni niwarudishe mwaka 1998, kwa sababu sijaona mfano unaofundisha vizuri kuliko huu. Mwezi wa Agosti Intel ilitoa prosesa ya bei nafuu, Celeron 300A, kwa dola 149. Wakati huo huo ikatoa Pentium II ya megahezi 450 kwa dola 669. Ile Celeron ilikuwa na msingi wa megahezi 66 na kizidishi cha 4.5, jumla megahezi 300. Kizidishi kilifungwa kiwandani, huwezi kukigusa. Lakini mazabodi zenye chipseti (chipu zinazounganisha prosesa na RAM na kadi) ya 440BX, iliyotoka mwaka huo huo, zilitengenezwa kwa msingi wa megahezi 100. Watu wakaichomeka Celeron pale, wakaweka msingi 100, wakazidisha kwa 4.5, wakapata 450. Prosesa ya dola 149 ikawa inakimbia kwa mapigo ya ile ya dola 669. Na kache yake, kilobaiti 128 tu, ilikuwa ndani ya chipu ikienda kwa kasi kamili ya prosesa, wakati ile kubwa ya Pentium II ilikwenda kwa nusu ya kasi. Kwa kazi nyingi zilikaribiana sana.

Watu wanaposimulia habari hii husimulia prosesa tu. Mimi nataka mwangalie RAM. Zama hizo RAM ilienda na msingi moja kwa moja. Aliyekuwa na stiki za PC66, zilizotengenezwa kwa megahezi 66, alikuwa anazidai megahezi 100. Nyingi zilikataa. Kompyuta inaganda, au haiwaki kabisa, na mwenye nayo anailaumu prosesa, anaiuza, ananunua nyingine, inakataa tena. Prosesa haikuwa na kosa. Aliyekuwa na PC100 aliwasha, akaendelea na kazi. Gharama yenyewe ya kuboresha kompyuta ile ilikuwa kwenye RAM.

Sasa hesabuni faida. RAM ya wakati ule ilipitisha baiti 8 kwa kila pigo. Kwa megahezi 66 ni takriban megabaiti 533 kwa sekunde, kwa megahezi 100 ni megabaiti 800. Prosesa imepanda kwa asilimia 50, RAM nayo imepanda kwa asilimia 50. Mapigo ya kusubiri hayakuongezeka. Ndiyo maana kompyuta ile ilibadilika kweli kweli, mtu akaiona tofauti kwa macho yake kabla hajapima chochote.

Na kuna jambo jingine pale ambalo nalipenda sana. Waoga walisema, "Mimi nitapanda kidogo tu, nitaweka msingi 83." Wakaharibikiwa. Mazabodi ile iligawa msingi ili kupata mapigo ya njia ya PCI, inayopita kadi na mara nyingi diski pia. PCI inataka megahezi 33. Kwa msingi wa 66 unagawa kwa mbili, unapata 33. Kwa msingi wa 100 unagawa kwa tatu, unapata 33. Kwa msingi wa 83 mgawanyo ulikuwa bado wa mbili: 41.5. Kadi zikayumba, diski zikaandika takataka. Kupanda sana kulikuwa salama kuliko kupanda kidogo. Huwezi kulijua hilo kwa hisia, unalijua kwa kugawa.

Twende mwaka 2006, Core 2 Duo za Intel. Hapa ndipo swali la "ninunue ipi" lilipokuwa tamu zaidi, na hesabu yake bado inafaa kufundishiwa leo. Prosesa ya chini, E6300, iliuzwa dola 183: msingi megahezi 266, kizidishi 7, jumla gigahezi 1.86. Ya katikati, E6600, dola 316: msingi ule ule, kizidishi 9, jumla gigahezi 2.4. RAM ni DDR2, ambayo hupitisha data mara mbili kwa kila pigo, kwa hiyo namba ya kwenye lebo ni mara mbili ya mapigo halisi. Msingi wa 266 ukienda sawa kwa sawa na RAM unataka DDR2-533.

Kijana anataka gigahezi 2.8. Akiwa na E6300 anagawa 2,800 kwa 7, anapata msingi wa 400. Msingi wa 400 unataka DDR2-800, na unataka mazabodi inayostahimili 400. Akiwa na E6600 anagawa 2,800 kwa 9, anapata 311. Mara mbili ya 311 ni 622, kwa hiyo DDR2-667, RAM ya bei ya chini, inatosha na akiba inabaki, na mazabodi ya kawaida inatosha. Mmeona? Prosesa ya bei nafuu inadai RAM ya ghali. Prosesa ya ghali inaridhika na RAM ya bei nafuu. Ukilinganisha bei za prosesa peke yake umeshapotea njia. Unalinganisha jumla ya vitu vitatu: prosesa, mazabodi, RAM. Na E6600 ilikuwa na kache ya megabaiti 4 dhidi ya 2 za E6300, kwa hiyo hata kuiendea RAM iliiendea mara chache zaidi.

Lakini tusimdharau mwenye E6300. Akifika msingi wa 400, ile njia ya FSB inayounganisha prosesa na chipseti inabeba gigabaiti 12.8 kwa sekunde. Akiwa na msingi wa 266 inabeba 8.5. Kazi ile inayovuta data nyingi kutoka RAM inapata njia pana zaidi kwenye E6300 ya msingi 400 kuliko kwenye E6600 ya msingi 311, ingawa zote mbili zinasoma gigahezi 2.8. Wawili hao wakikutana kijiweni wakalinganisha gigahezi tu, hawatajua kwa nini matokeo yao hayafanani.

Na kulikuwa na wa tatu, aliyenunua DDR2-1066 ya ghali akaiweka kwenye msingi wa 266. Stiki mbili za DDR2-1066 zinaweza kutoa gigabaiti 17 kwa sekunde. Njia inabeba 8.5. Nusu ya uwezo aliolipia haikuwa na pa kupita. Huyo wa tatu yupo mpaka leo, na kila wiki anaingia dukani.

Baada ya hapo mambo yalibadilika. AMD, washindani wa Intel, walihamishia kidhibiti cha RAM ndani ya prosesa mwaka 2003 na Athlon 64, Intel wakafuata mwishoni mwa 2008 na Core i7 za kwanza. Mwaka 2011 Intel wakaufunga msingi kwenye megahezi 100 na kuushikiza karibu kila kitu kwake, hata kuusogeza kidogo tu kukawa tabu. Kuanzia hapo, kwa Intel, kupandisha kukawa ni kupandisha kizidishi, tena hasa kwenye prosesa zenye herufi K. Core i5-2500K iliyotoka na gigahezi 3.3, wengi waliifikisha 4.5. RAM yake, DDR3-1333, ikabaki palepale ilipokuwa. Hii ndiyo ile njia ya kwanza niliyoitaja, inayoongeza kusubiri. Ajabu yake ni kwamba RAM ilipoachiliwa kutoka kwenye msingi, ndipo kasi yake ikawa uamuzi wa kujitegemea wa mnunuzi, na ndipo mnunuzi alipoanza kudanganyika na lebo.

Kuhusu lebo, kamateni kalamu. Kwenye stiki kuna namba mbili zenye maana: kasi, tuseme 3200, na ile inayoandikwa CL, tuseme 16. CL ni mapigo ambayo RAM hukaa kabla ya kuanza kutoa data baada ya safu kufunguliwa. Kupata muda halisi, zidisha CL kwa 2,000, gawanya kwa kasi. DDR4-3200 yenye CL16: nanosekunde 10. DDR5-6000 yenye CL30: nanosekunde 10. DDR-400 ya zamani, ile ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, yenye CL2: nanosekunde 10. Miaka ishirini imepita. Wingi wa data unaopita umekuwa mara kumi na tano, ila tone la kwanza linachelewa vile vile. Kwa hiyo mtu akikuuzia DDR4-3600 yenye CL20, piga hesabu palepale dukani: 11.1. Inachelewa kuanza kuliko 3200 yenye CL16 uliyo nayo tayari. Ina upana zaidi, ndiyo. Je, kazi yako inataka upana, au inataka tone la kwanza liwahi? Hapo tunarudi kwenye kipimo.

Kabla ya kipimo, niseme kuhusu Ryzen, prosesa za AMD, maana humu wengi mnazo. Kwenye Ryzen za kwanza za mwaka 2017, njia ya ndani inayounganisha makundi ya koa (viini vya prosesa), wenyewe wanaiita Infinity Fabric, ilikwenda kwa mapigo halisi ya RAM. RAM ya 2133, njia inakwenda megahezi 1066. RAM ya 3200, njia inakwenda 1600. Kwa hiyo ukipandisha RAM ulikuwa unapandisha kipande cha prosesa yenyewe. Kuanzia Ryzen 3000 za mwaka 2019 viwili hivi vinaweza kutengana, lakini vikitengana data inachelewa njiani. Sawa kwa sawa hufika karibu na megahezi 1,800 kwa prosesa nyingi, ndiyo sababu ya ile 3600 inayosifiwa. Ukinunua RAM ya 4400 bila kulijua hilo, mazabodi inaviachanisha yenyewe na unaweza kupata kompyuta nzito kuliko ya jirani mwenye 3600. Kwenye Ryzen 7000, zilizotoka 2022 na DDR5, namba yenyewe ni karibu na 6000. Intel nao tangu kizazi cha 11 wana kitu kama hicho, kidhibiti kinaweza kwenda sawa na RAM au kwa nusu yake.

Haya, kipimo. Chagua kazi unayoifanya kweli: kubana faili kwa 7-Zip, kutoa video ya harusi, kufungua jedwali kubwa la mhasibu. Pima muda wake kwa saa ya simu, rudia mara tatu, chukua wa katikati. Kisha pandisha prosesa kwa asilimia 10, pima tena. Tuseme mwanzo ilikuwa sekunde 100. Ikishuka mpaka 91, kazi ile ni ya prosesa karibu yote. Kupandisha kunalipa, prosesa mpya italipa, na RAM ya kasi utakuwa umeitupia pesa. Ikishuka mpaka 94 na nusu tu, ina maana takriban sekunde 60 zilikuwa za prosesa na 40 zilikuwa za kusubiri. Hapo ukizidi kupandisha, sehemu ya kusubiri inazidi kukua: ongeza asilimia 25, kazi inachukua sekunde 88, na 40 kati ya hizo bado ni za kusubiri. Sasa irudishe prosesa mahali pake, shusha RAM kwenye BIOS, ile menyu ya setingi za mazabodi, kutoka 3200 hadi 2400, pima. Kama kazi imerefuka, umepata ushahidi kwamba ilikuwa ikiisubiri RAM. Kama haikurefuka, inasubiri kitu kingine, mara nyingi diski.

Najua kuna anayesema, "Fundi, kompyuta yangu imefungwa, haipandishiki." Wengi wenu mnatumia mashine zilizotoka maofisini Ulaya, au zilizopitia Dubai, zikauzwa Kariakoo. BIOS zake hazina hata ukurasa wa kupandishia. Basi shusha. Kwenye setingi za umeme za Windows kuna kiwango cha juu cha prosesa. Kiweke chini, angalia kwenye Task Manager prosesa imetua kwenye gigahezi ngapi hasa, pima kazi yako. Mapigo yakishuka kwa asilimia 20 na kazi ikarefuka kidogo mno, prosesa ile hata ukiibadilisha hutaona kitu. Kipimo ni kile kile, umekigeuza tu.

Na kwa mashine hizo, kasi ya RAM mara nyingi siyo habari. Habari ni ukubwa na chaneli, yaani njia ambazo RAM hupitishia data. Mwenye gigabaiti 4 zilizojaa, Windows inahamishia data kwenye diski, na hakuna namba ya megahezi itakayomwokoa. Ukubwa kwanza. Kisha, kama kuna stiki moja, ongeza ya pili inayofanana nayo. Stiki moja ya DDR4-2666 inapitisha gigabaiti 21 kwa sekunde, mbili kwenye chaneli mbili zinapitisha 42. Ukiitupa ile moja ukanunua moja ya 3200, unapata 25. Bado nawaona watu wakifanya hivyo, na inaniuma, kwa sababu pesa ile ni ya mkopo wa kikoba au ni ada ya mtoto. Wanaotegemea grafiki ya ndani ya prosesa, kama Ryzen 5 5600G, hao stiki ya pili ni lazima kabisa, maana grafiki ile inakula upana wa RAM kuliko kitu kingine chochote humo ndani.

Kabla hujalipa, angalia pia mazabodi inaruhusu nini. Core i5-8400 kwenye mazabodi ya B360 itaiendesha RAM ya 3200 kwa 2666, utake usitake. Mwuzaji hatakwambia, pengine na yeye hajui. Na ukiwa na mazabodi inayoruhusu, ingia BIOS uwashe XMP, au EXPO kwa AMD ya DDR5, setingi inayoiendesha RAM kwa kasi ya lebo yake. Stiki iliyoandikwa 3200 mara nyingi huwaka kwa 2133 au 2400 mpaka uiambie vinginevyo. Kuna watu wamekaa na RAM ya 3200 miaka mitatu ikienda kwa 2133, na leo wanataka kununua prosesa mpya.

Sasa nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa kuna kompyuta za watu. Joto linalotolewa na prosesa hukua pamoja na mapigo, na hukua pamoja na mraba wa volti. Kutoka volti 1.20 hadi 1.30, na mapigo juu kwa asilimia 10, joto limeongezeka karibu asilimia 29. Anayekuonyesha matokeo yake yuko kwenye chumba cha nyuzi 22. Wewe uko Mbagala mwezi wa pili, nyuzi 32 ndani, feni ya juu inazungusha hewa moto. Hizo nyuzi 10 zinahamia kwenye prosesa karibu zote. Setingi yake siyo yako.

Na volti haiumizi prosesa kupitia koa peke yake. Mwaka 2023 baadhi ya Ryzen 7000 zenye kache kubwa ziliungua, nyingine pamoja na soketi. Chanzo kimoja kilichotajwa kilikuwa volti ya SoC, ile inayolisha kidhibiti cha RAM, ambayo mazabodi nyingine ziliipandisha mno mtumiaji alipowasha EXPO. AMD wakaiwekea kikomo cha volti 1.3. Mtu alikuwa anaharakisha RAM, kilichokufa ni prosesa. Mwaka uliofuata Intel wakakiri kwamba prosesa zao za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zinachakaa kwa sababu ya volti ya juu kupita kiasi, wakatoa marekebisho Agosti 2024 na kuongeza muda wa dhamana kwa miaka miwili. Wengi wa wenye prosesa hizo hawakugusa setingi yoyote. Kwa hiyo ukiacha mazabodi ijichagulie volti yenyewe, isome hiyo volti. Isome kwa macho yako.

Lakini kuungua siyo kinachonitisha zaidi. Kilichoungua kinaonekana. Kinachonitisha ni RAM iliyopandishwa ikakubali kuwaka, ikafungua kila programu, na mara moja moja ikabadilisha biti moja. Faili inasomwa na kosa, inahifadhiwa na kosa. Mwezi mmoja baadaye jedwali la mishahara lina namba ambayo hakuna aliyeiandika. Kwa hiyo baada ya kugusa RAM, endesha Memtest86, programu ya kupima RAM, usiku kucha, na kosa moja ni kosa, usiseme "moja tu". Kompyuta ya zahanati, ya duka la dawa, ya mhasibu, ya SACCOS: usipandishe chochote hata kama mwenyewe anakuomba. Mweleze, na akishikilia, wewe kataa. Ya kwako ya michezo, pandisha, jifunze.

Nimalizie na kununua, maana ndiko tulikoanzia. Kuna kijana ana mazabodi ya AM4 (soketi ya zamani ya AMD), Ryzen 5 ya mwaka 2018, DDR4-2666 gigabaiti 16, kadi ya grafiki nzuri, na anacheza. Amepima kama nilivyoeleza: akipandisha prosesa anapata kidogo, akishusha RAM anapoteza kingi. Kazi yake inasubiri RAM. Ana njia tatu. Ya kwanza, RAM ya 3600, lakini kidhibiti cha prosesa yake ya zamani kinaweza kukataa kasi hiyo. Ya pili, kuhamia AM5, soketi mpya zaidi: prosesa, mazabodi na DDR5 kwa mpigo mmoja, pesa nyingi. Ya tatu, Ryzen 7 5800X3D, iliyotoka Aprili 2022, yenye kache ya megabaiti 96. AMD waliifunga, kizidishi hakipandi. Vijana wengi wanaipuuza kwa sababu hiyo hiyo. Lakini karai lake ni kubwa kiasi kwamba fundi hahitaji kuita saidia fundi mara kwa mara, na kwa michezo mingi RAM ya 2666 haitamwangusha sana. Inaingia kwenye mazabodi yake ya sasa baada ya kusasisha BIOS, na RAM yake inabaki. Mimi ningemshauri atafute hiyo, hata iliyotumika, akiijaribu kwanza mbele ya mwuzaji.

Angekuwa anatengeneza michoro ya 3D kwa programu ya Blender kutwa nzima, kipimo kingempa jibu jingine, kwa sababu kazi ile haisumbuki sana na RAM. Angehitaji koa nyingi, na kache kubwa isingemfaa kitu.

Kwenye meza ya mbele kuna mashine mbili, moja imefungwa na moja iko wazi. Njooni watano watano. Aliye karibu na dirisha aanze kupima 7-Zip kwenye ile iliyofungwa, mimi nitashika hii nyingine, na namba zote tuandike ubaoni. Asanteni sana.